Sikio la Tepu

Jericho, Nairobi
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwako Baba,

Kabla hujaanza kusoma, vaa miwani. Si ya Mama, ni ile yako, iko juu ya kabati nyuma ya redio, mahali unapoiacha kila siku halafu unalaumu wajukuu. Umeivaa? Haya. Hujambo, Baba? Goti la kulia linasemaje na baridi hii ya asubuhi? Na masikio? Jibu la masikio ninalijua, nauliza kwa heshima tu. Mimi ni mzima, watoto ni wazima, na hata paa la hii nyumba yako ya zamani ni zima kuanzia wiki iliyopita. Hilo la paa nitalirudia, maana ndilo lililoleta maneno yote haya.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imetushinda. Mara ya mwisho nilikuambia nina mafua, ukanijibu, "Maua? Panda, panda, mvua iko karibu!" Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza kama nimevamiwa. Barua ni afadhali. Nimemwomba Mama akupe hii ukiwa umeketi kwenye kiti chako sebuleni, arudishe mlango wa jikoni, asikusumbue mpaka umalize. Na usiruke kurasa, Baba. Nakujua wewe, huwa unaanzia mwisho kuangalia kama kuna shida. Leo anzia mwanzo kama watu wengine.

Kazi yangu inaendelea vizuri. Kibanda changu pale sokoni kimejaa televisheni, redio na pasi za watu mpaka sina pa kuweka miguu. Bado wapo wanaokuja, wanachungulia, wananiuliza, "Mama, fundi yuko?" Nawaambia fundi ametoka kidogo, waketi wangoje. Kisha nashika bisibisi nafungua redio yao mbele ya macho yao, na wanabaki kuona aibu wenyewe. Hakuna fundi Jericho hii anayenishinda kwa televisheni za kioo kinene, na hilo nalisema bila kujisifu. Basi, ni kujisifu kidogo.

Siku hizi kuna kazi mpya ambayo sikuitarajia. Ile michezo ya TV tuliyokuwa tukicheza tukiwa wadogo, ya kuchomeka kaseti, watu wameikumbuka tena. Wanakuja wanaume wenye mvi na matumbo, wamebeba mashine kwenye mfuko wa unga, waliyoitoa chini ya vitanda vya mama zao, wananiomba niifufue. Nikifanikiwa wanacheza mpira hapo hapo kibandani, wakitukanana kama watoto. Kosa ni lile lile kwa wote: walikuwa wakipuliza kaseti kwa mdomo. Mtaa mzima tuliamini kaseti ikikataa inapulizwa. Kumbe tulikuwa tunaitemea mate, nayo inashika kutu. Mimi nasafisha kwa spiriti na kitambaa, inawaka.

Sasa tuje kwenye barua yako.

Niliipata. Umesema Desemba nimwambie Wafula aje nyumbani umwonyeshe mahali pa kujenga, kwa sababu mwaka huu miguu yako bado inafika hadi mpaka wa chini wa shamba, kule mtoni, na mwaka ujao hujui. Hapo nilisoma mara tatu, nikafuta macho. Halafu mwishoni ukaongeza, "na asije na takataka zake za umeme." Baba! Ulikuwa umeandika vizuri sana mpaka hapo.

Nilimfikishia Wafula ujumbe wako, bila hayo ya takataka. Unajua alivyonijibu? "Mwambie Mzee kwamba muua TV hana haja na shamba."

Wewe utasema ni kiburi. Mtu mzima, kifungua mimba wako, ana mke na watoto, kule Dandora anaheshimiwa, hakuna harusi wala sherehe ya vijana isiyotaka spika zake, halafu anashikilia mambo ya televisheni ya zaidi ya miaka thelathini iliyopita. Anakuja nyumbani wakati wa msiba tu, analala kwa Shangazi, na sebuleni kwako haingii. Hata mimi nilikuwa nadhani ni kiburi. Nilimwambia mara nyingi, "Wafula, achana na hayo, Mzee anazeeka." Naona sasa sikuwa na haki ya kumwambia hivyo, mimi hasa.

Nikukumbushe jinsi mambo yalivyokuwa, maana nataka uyaone kwa macho yangu.

Wafula alikuwa na miaka kumi na mitatu, mimi tisa. Alibadilisha njiwa wake sita, pamoja na yule mweupe aliyempenda, akapata ile mashine ya mchezo kutoka kwa rafiki yake ambaye familia yao ilikuwa inahama. Ilikuja na kaseti moja tu, ya kandanda. Uwanja wa kijani, vijana wadogo wa rangi nyeupe na vijana wadogo wa rangi nyekundu, wote sura moja, na mpira ambao ukiutazama vizuri ulikuwa na pembe. Tuliwapa majina ya watu wa laini yetu ya nyumba. Kipa alikuwa Mama Mutua, kwa sababu Mama Mutua alikuwa hatoki mlangoni kwake. Wakati wa mapumziko walitokea wasichana wadogo wakicheza densi, na Mama alipowaona mara ya kwanza alisema mchezo huu umetengenezwa na watu wasioomba. Kila mtu alikuwa na maoni. Wewe ulisema ni takataka. Ulisema tena na tena, ukipita nyuma yetu na kikombe cha chai, lakini kikombe kilikuwa kinapoa mkononi ukiwa bado umesimama pale.

Na wazazi wote wa Jericho walikuwa na imani moja: gemu inaharibu TV. Hakuna aliyejua inaharibu vipi, ila inaharibu, inaila polepole.

Sasa ile Jumapili. Kulikuwa na mechi kubwa jioni, na majirani wote walikuwa wanakuja kutazama kwetu kwa sababu televisheni yetu ndiyo ilikuwa na picha safi. Asubuhi tulikwenda kanisani, Mama, Wafula na mimi. Wewe ulikuwa umetoka zamu kwenye karakana ya reli, ukasema unalala. Ibada ikiwa katikati, Mama akanituma nikimbie nyumbani kuchukua kitabu chake cha nyimbo. Nikafika dirishani. Pazia lilikuwa halijafungwa vizuri.

Baba, nilikuona.

Ulikuwa umevaa fulana, umeketi kwenye kigoda cha Mama cha jikoni, pua karibu iguse kioo. Kitambaa cha televisheni ulikuwa umekifunua, umekirudisha nyuma. Ulimi nje. Mikononi umeshika pedi ya Wafula, ile ya vitufe vya kuchezea, unaipinda huku na huku kana kwamba mpira utafuata mwili wako. Ukasema, "Toka! Toka hapa!" Kisha, "Pitisha, wewe! Umesimama kama mlingoti!" Ukafunga bao. Ukainua mikono yote miwili juu bila kutoa sauti, na waya ukaivuta mashine ikakaribia kuanguka. Nilifunika mdomo nisicheke. Katika maisha yangu sijawahi kukuona ukifurahi namna ile. Nikarudi kanisani mbio, nikamwambia Mama kitabu sikukiona. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza.

Jioni nyumba ikajaa. Viti vya jirani, mabenchi, watoto chini. Ukainuka, ukabonyeza, televisheni ikasema *tik*, ikanuka kidogo, ikanyamaza. Ukabonyeza tena. Watu wote wakakutazama. Nawe ukageuka ukasema, "Wafula. Ni hiyo takataka yako."

Wafula akasimama. Nakumbuka kila neno. Alisema, "Baba, leo sijaigusa. Nilikuwa kanisani."

Ukamwambia asijibizane na wewe mbele ya watu. Jumatatu tulipotoka shule tukaambiwa umeipeleka kwa fundi Pumwani, na fundi amesema ni gemu imeiua. Mashine ikatoweka. Kisha ukamzungusha Wafula laini nzima, milango kumi na miwili, aombe msamaha kwa kuwakosesha watu mechi. Mlango wa mwisho ulikuwa wa Mama Mutua, mke wa yule mchonga vinyago. Alimpa chapati na kumpangusa uso kwa leso. Wiki ileile watoto wakamwita Blakaut, kama umeme uliopotea, na mpaka leo Dandora nzima inamwita Blakaut. Ameliandika jina hilo kwenye spika zake kwa rangi nyekundu. Watu wanadhani ni jina la ujanja.

Na mimi nilinyamaza. Nilikuwa nimekuona, nikanyamaza. Nilikuogopa, Baba, na nilikupenda, na sikutaka watu wakucheke. Lakini yule aliyekuwa akilia mlango kwa mlango alikuwa kaka yangu.

Haya, sasa paa. Mvua ya mwezi uliopita iliingia hadi kitandani kwangu. Nikapanda juu ya dari mwenyewe na tochi. Kule mwisho kabisa nikaikuta televisheni yako, ile uliyokataza isitupwe na isifunguliwe na mtu. Pembeni yake kulikuwa na kitu kimefungwa ndani ya shati lako la kazi. Nikakishusha, nikafungua vifungo. Mashine ya Wafula. Kaseti ya kandanda bado iko ndani.

Nikajiuliza, mtu anatunzaje takataka iliyomuulia TV, tena ndani ya shati?

Mama Mutua aliniona nikishusha hivyo vitu, akaja na fimbo yake kuangalia. Bado yuko Mama Mutua, bado ndiye kipa. Akaigusa televisheni akasema, "Wuui, Nekesa, hii naikumbuka. Baba yako alikuwa mtu wa maombi sana."

Nikamwuliza, "Maombi gani tena?"

"Kila Jumapili mkienda kanisani. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, sitoki. Namsikia ukutani akikemea mapepo. Toka! Toka hapa! Ingia! Ingia ndani! Nami huku upande wangu naitikia, Amina. Hata mume wangu nilimwambia, ona jirani yetu wa reli anavyopigana na shetani."

Baba, nilikaa chini pale kwenye ngazi nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mama Mutua akakasirika, akasema siku hizi hatuheshimu maombi.

Kisha nikaibeba televisheni hadi kibandani. Nilipoigeuza kutazama mgongo wake, kicheko kiliniisha. Skrubu sita, Baba. Zote sita zina rangi ya kiwandani juu yake, haijakwaruzwa hata kidogo. Bisibisi haijawahi kugusa pale. Fundi wa Pumwani alijuaje kilichoiua bila kuifungua? Wewe unazungumza na fundi sasa, si mtoto wa darasa la tatu. Hakuna fundi. Hukuipeleka popote.

Na kwenye matundu ya nyuma, yale ya kupumulia joto, nikakuta nyuzi. Za manjano na nyeupe, zimeyeyuka zikagandamana na plastiki. Nilizijua hata kabla sijazigusa. Ni kitambaa cha Mama, kile alichokifuma mwaka mzima, chenye maua pembeni. Ulikirudisha nyuma kama tulivyofanya sote, ukaziba matundu yote, ukacheza asubuhi nzima. Joto likakosa pa kutokea. Ile koili kubwa ya ndani ikadhoofika, na jioni ulipobonyeza ikapasuka. Basi. Gemu haikuua kitu. Nimefungua televisheni nyingi za miaka ile na nakuambia kwa uhakika: mtaa huu wote ulichapa watoto kwa makosa ya vitambaa. Mama asijilaumu hata kidogo, kila nyumba ilikuwa na chake. Wala wewe hukuiua kwa makusudi. Ungesema tu siku ile, tungecheka, na ingeishia hapo.

Nikabadilisha koili, nikasafisha kaseti, nikawasha. Uwanja wa kijani ukatokea. Nilisimama pale sokoni na machozi, wateja wakidhani nimeunguzwa na umeme.

Nikampigia Wafula, nikamwambia aje aone kitu. Alikuja Jumamosi na gari lake la spika, akaingia akisema, "Niaje, Nekesa, nani amekufa?" Kisha akaiona. Akachutama mbele yake. Nikamwonyesha skrubu. Nikamwonyesha nyuzi, nikamweleza habari ya kitambaa. Ya dirishani sikumwambia. Nilijiambia hiyo ni yako kuisema, na nadhani pia nilikuwa bado naogopa, hata kwa umri huu.

Akachukua pedi namba moja, akaigeuza. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho nilikuwa nimekiona na nisikitilie maanani. Ile pedi ina kitambaa laini upande wa kushoto, kimezungushiwa tepu nyeusi ya umeme.

Wafula akaniuliza, "Sis, hii tepu ni wewe uliifunga?"

Nikasema hapana, niliikuta hivyo.

"Jumamosi ile nilipocheza mara ya mwisho haikuwa na tepu."

Akaivuta karibu na macho. Akatazama mwisho wa tepu. Nawe unajua kilichokuwa pale, Baba. Ni wewe pekee duniani usiyekata tepu ikaishia hivyo hivyo. Unakunja ncha yake kidogo, inasimama, unaiita sikio. Mpini wa jembe una sikio. Bomba la maji lina sikio. Mguu wa kiti cha Mama una sikio. Ulitufundisha ukituchapa vidole: tepu isiyo na sikio ni kazi ya mtu mchoyo, hamfikirii atakayeifungua kesho. Na ukiivuta kwa sikio inatoka yote mara moja, haiachi alama. Kumbe kila Jumapili ulikuwa unaifunga kwa ajili ya kile kidole gumba chako kilichopondwa karakanani, kisimame pale kisiumie, na kabla hatujarudi unaivuta sikio inatoka. Jumapili ile hukupata nafasi kabla hatujaingia mlangoni.

Wafula alishika lile sikio la tepu kwa vidole viwili, asilivute. Kisha akasema polepole, "Ati Mzae? Mzee mwenyewe alikuwa anacheza?"

Akaanza kucheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu enzi za njiwa wake. Alicheka akashika meza. Nikamweleza yote, dirisha, fulana, ulimi, mapepo ya Mama Mutua, akacheka zaidi. Kisha uso ukabadilika, akalia. Mwanamume wa umri ule, katikati ya soko, mchana, watu wakipita na sukuma wiki.

Akaniambia, "Nekesa, haikuwa TV. Nilimwambia nilikuwa kanisani na hakuniamini. Hiyo ndiyo iliniuma miaka yote. Kumbe yeye mwenyewe alijua kabisa kwamba nasema kweli."

Nikaweka bisibisi chini. Nikamwomba msamaha, kwa ajili yangu, kwa sababu hata mimi nilijua. Akanitazama, akasema, "Ulikuwa na miaka tisa, wewe," akanivuta kichwa kama zamani. Akanisamehe hivyo hivyo, haraka. Ndiyo maana sina wasiwasi nawe, Baba. Nimeona jinsi anavyosamehe. Hakawii, anachongoja ni mtu aanze kusema.

Halafu akasema neno jingine, nitakuambia mwishoni.

Nimekasirika nawe, nataka ulijue hilo. Nakupenda na nimekasirika, vyote viwili, na kimoja hakipunguzi kingine. Uliona haya kidogo tu mbele ya watu, haya ya baba mtu mzima kukutwa anacheza mchezo wa watoto, ukamvisha mwanao haya kubwa kuliko hiyo. Na najua ilikuuma. Mtu ambaye haikumuuma hafungi takataka ndani ya shati lake zuri la kazi. Ulipanda juu ya dari ukaificha, hukuitupa, na mlipohamia shambani ukakataza isiguswe. Ulikuwa unangoja nini, Baba? Kama ulikuwa unangoja nipate ufundi, basi nimeupata.

Sikuombi hotuba. Usimwite mchungaji, usiite wazee, usichinje kuku wa Mama kabla ya kusema. Yanatosha maneno mawili: "Ulikuwa kanisani." Basi. Mwambie hayo, ataelewa yote. Baada ya hapo nendeni mtoni na miguu yako ingali na nguvu, umwonyeshe mpaka.

Televisheni nimekurudishia pamoja na hii barua. Inafanya kazi vizuri kuliko ilipokuwa mpya. Sheria yangu ya fundi ni moja tu: kitambaa kikae mezani. Mama akisema televisheni inaonekana iko uchi, mwambie aiache iwe uchi, inapumua. Mashine ya mchezo nayo iko kwenye sanduku, kaseti ndani, pedi mbili. Ile ya kwanza sikuigusa, tepu yako iko vile vile na sikio lake limesimama. Usiwe na shaka na masikio yako mengine. Mchezo huu hauhitaji kusikia. Unaketi kando ya mtu, unatazama mahali pamoja naye, na mkono unasema wenyewe. Nakuonya tu kwamba Wafula hajasahau kucheza. Mimi amenifunga saba bila.

Nisalimie Mama, mwambie nampenda na asiniandikie kuhusu kitambaa. Nisalimie Shangazi, dada yako, ambaye ameweka kitanda cha Wafula tayari miaka yote hii bila kuuliza maswali. Mwambie kitanda hicho sasa kinaweza kupumzika. Nisalimie binamu yangu anayekukamulia ng'ombe, na jirani yako wa kushoto mnayegombania kivuli cha ua. Mama Mutua anakusalimu kwa heshima zote, anasema umkumbuke katika maombi yako. Sikumwambia ukweli. Huo nao ni kazi yako.

Na mwisho kabisa, nisalimie kaka yangu.

Yuko jikoni na Mama tangu ulipoanza kusoma. Ndiye aliyeleta barua hii na televisheni kwenye gari la spika. Neno lake la mwisho pale kibandani lilikuwa hili: "Mzee asiniandikie barua. Nataka nisimame nyuma ya mlango akisoma yako, halafu nione kama ataufungua." Wewe hujamsikia, na Mama ameahidi kutosema kitu, hata kama najua sasa hivi anatafuna ncha ya leso. Hatabisha, Baba, kwa sababu hutasikia. Ni wewe wa kufungua.

Binti yako,
Nekesa, fundi